Ng'ombe Mateka Mbele ya Kamati

Ofisa aliyekuja kuiimarisha kamati yetu ya usuluhishi alituletea faili moja, mhuri mmoja, na kidau cha wino kilichokwisha kukauka njiani. Alisema vita vya Uganda vimekwisha, watu wamerudi na mazoea ya vitani, na ugomvi wa kijijini sasa tuumalize wenyewe kabla haujafika polisi. Kisha akauliza nani kati yetu anajua taratibu za mikutano. Nilinyoosha mkono. Shule niliishia darasa la nne, lakini nilikuwa na kitabu cha taratibu za mikutano nilichokiagiza kwa posta, na nilikuwa nimekisoma mara tatu. Hivyo ndivyo nilivyopata ukatibu, huku juu ya Karatu, mashamba yanapokutana na msitu wa Ngorongoro.

Shauri la kwanza halikukawia. Jirani yangu, mtu wa Singida aliyekuwa kibarua wa shamba la kahawa, alikuwa amekwenda vitani na mgambo. Aliporudi, kijiji kilimpa ekari mbili kando ya msitu. Akapanda mahindi, akazungushia miiba. Kwa bahati mbaya ekari hizo zililala juu ya njia ya ng'ombe waendao chemchemi. Mzee mmoja wa Kimasai, aliyeshuka kutoka Nainokanoka kukimbia baridi, hakuambiwa na mtu. Ng'ombe wake hawakuambiwa pia. Waliipita miiba, wakala mistari minne ya mahindi, na jirani yangu akamkamata mmoja, jike, akamfunga nyuma ya jiko lake.

Jike huyo alikuwa na ndama wa wiki mbili, aliyebaki kwenye boma la mzee, mwendo wa saa moja kutoka kwetu.

"Huyu ni mateka," jirani yangu aliniambia nilipokwenda kuandika maelezo. "Mateka hutunzwa. Anapata maji, anapata nyasi. Usiandike kwamba anateswa."

"Na maziwa?"

Alitazama pembeni. "Amekataa."

Ng'ombe wetu wa kienyeji hashushi maziwa mpaka ndama aguse kiwele kwanza. Jirani yangu alilijua hilo, maana amekulia zizini. Hata hivyo siku tatu alikuwa amemsugua, amembembeleza, na mkewe anasema alimwimbia nyimbo za jeshini, asipate tone. Ng'ombe akikaa hivyo, anakauka, na ndama anakufa. Mzee alijua hivyo, na vijana wake walijua, nao walikuwa wamekwisha kunoa sime. Jirani yangu kwa upande wake alirudi kutoka vitani na kofia ya jeshi, na wengine walisema si kofia tu.

Niliitisha kikao darasani, saa nne asubuhi. Kitabu kilishauri wasemaji wapangwe kwa utaratibu usiompendelea mtu. Nilifikiri sana, nikaona utaratibu wa namna hiyo ni alfabeti.

Wa kwanza akawa kijana wa mzee, aliyekuwa akichunga siku ile. Nilipomwita, alikwenda mbele ya baba yake, akainamisha kichwa. Mzee akamgusa utosini. Kijana akarudi kuketi.

"Shahidi, sema," nikamwambia.

"Nimeshasalimia."

"Sema ulichokiona."

"Wazee hawajasema."

"Majina ya wazee yako herufi ya L."

Mzee mwingine wa Kimasai alimwuliza mwenzake herufi ya L ni rika gani.

Wa pili alikuwa mke wa jirani yangu, ambaye alisema hawezi kumtangulia mumewe, na mumewe kwa herufi yake alikuwa wa mwisho kabisa. Mwenyekiti wetu, Mwiraqw mwenye subira, aliuliza kama tunaweza kuanzia mwisho. Nilifungua kitabu. Hakikusema. Baada ya saa mbili niliahirisha kikao ambacho hakuna aliyezungumza isipokuwa mimi.

Mzee alinisubiri mlangoni.

"Karani," alisema, "wewe una kesho nyingi. Ndama hana."

Sikuichana ile orodha, kwa sababu karatasi ilikuwa adimu. Niliigeuza, na upande wa nyuma tukaandika upya, kwa rika, kuanzia wakubwa. Tulikwama kwa jirani yangu. Mzee alitaka kujua rika lake, naye akajibu kwamba kwao hakuna kitu hicho, yeye ana kikosi tu.

"Mlikwenda vitani pamoja?"

"Pamoja."

"Basi hilo ni rika," mzee alisema, akanionyesha pa kumwandika.

Siku iliyofuata tulikutana nje, maana niliagiza kielelezo kiletwe na kielelezo hakipiti mlango wa darasa. Jirani yangu alimleta ng'ombe kwa kamba, kwa mwendo wa gwaride. Kijana wa mzee alifika na ndama mabegani.

"Napinga," alisema jirani yangu. "Huyo hakuorodheshwa."

"Kila upande una haki ya kielelezo," nilisema. Hili kitabu kilisema wazi.

Ndama alilia mara moja. Ng'ombe aliichomoa kamba mkononi mwa askari wetu kama uzi. Sote tukasikiliza kunyonya.

Kisha jirani yangu akainama. "Chuchu hii imevimba," alisema, akaanza kuikamua taratibu. Mzee alichuchumaa upande wa pili.

"Hiyo yako imevimba. Hii yangu bado."

"Mlimpa ndama nini?"

"Maziwa ya mbuzi."

"Mlimzidishia. Tazama tumbo."

"Wewe ulimzidishia mama nyimbo. Tumesikia."

Mwenyekiti alicheka mpaka akavua kofia. Nilipotangaza ajenda ya tatu, wahusika walikuwa wamekwisha kwenda shambani kupima njia. Jirani yangu alitembea hatua kumi na mbili. Mzee akasema ng'ombe hawaendi gwaride, wanapita wawili wawili na pembe zao. Miiba ikasogezwa. Vijana waliokuwa wamenoa sime walizitumia kukata miiba mipya, na mzee akaahidi samadi ya boma lake kwa ile mistari minne. Ng'ombe akarudi kwao jioni hiyo, ndama nyuma yake.

Mimi nilibaki na muhtasari uliohitaji mhuri. Wino ulikuwa mkavu kama nilivyosema. Jirani yangu alikuwa amechukua kidau kabla ng'ombe hajaondoka, akakikamulia matone mawili matatu ya maziwa, akanirudishia. Mhuri ulitoka rangi ya samawati hafifu, lakini ulisomeka.

Ofisa aliporudi baada ya miezi kadhaa, alilifungua faili, akalifunga, akaniuliza kwa nini linanuka.

Nilimjibu kwamba ni kielelezo namba moja, na kwamba yu hai, pamoja na namba mbili.