Sahani Mbele ya Mama Rispa

Nilipokuwa mtoto kule Mutuini, hakuna aliyethubutu kula mbele ya Mama Rispa. Alikuwa jirani yetu kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, mjane aliyewafulia watu nguo mtaa wa Kitisuru, na ilisemekana ana jicho: akikutazama ukila, chakula kinakwama tumboni kizima kizima, hakisagiki mpaka kitolewe.

Nilipofika miaka kumi, tumbo lilinisokota siku tatu. Nyanya, aliyenilea, akakumbuka nilikula kiazi kitamu uani huku Mama Rispa akianika nguo. Akamwita mama mmoja mkandaji. Yule mama alinipaka mafuta, akanikanda kwa kitambaa, kisha akakifunua. Ndani mlikuwa na maharagwe matatu.

"Si mnaona?" akasema.

"Lakini mimi nilikula kiazi!"

Nyanya akanifinya. "Nyamaza."

Sikunyamaza. Muhula ule mwalimu wa sayansi alikuwa ametuchorea safari ya chakula: meno yanasaga, tumbo linakoroga kwa asidi, utumbo mwembamba unafyonza kinachofaa, utumbo mpana unakamua maji. Tumboni chakula hukaa saa chache tu. Nilimweleza Nyanya.

"Huyo mwalimu wako hajui mambo ya kwetu," akasema. Jioni hiyo nikasikia majirani wakipanga kumwambia mwenye ploti amfukuze Mama Rispa.

Kesho yake, tumbo likiwa limetulia, nikabeba sahani ya githeri, mahindi na maharagwe, nikaketi mlangoni pake. Mara moja akageukia ukuta. Hapo ndipo nilipoelewa: miaka yote hiyo alikuwa akigeuka, ili watoto wa watu waweze kula kwa amani.

"Niangalie," nikamwambia.

"Enda kwenu, mtoto. Utaniletea shida."

"Niangalie nikikula. Mpaka nimalize."

Akageuka, polepole. Nilitafuna macho yangu yakiwa machoni mwake, na mchoro wa mwalimu haukunisaidia kitu; niliogopa vilevile. Ploti nzima ilisimama kututazama.

Asubuhi nilitoka chooni nikapaza sauti, "Imetoka!" Wanawake waliokuwa bombani wakacheka hadi wakashika mbavu. Nyanya hakucheka. Lakini habari ya kumfukuza Mama Rispa haikutajwa tena.

Nyanya alifariki akiamini kwamba nilipona kwa sababu nilikandwa. Mimi nadhani ilikuwa minyoo. Nilimpenda sana, na katika hili sikumkubalia hata siku moja. Mtu mzima aliishi akitazama ukuta kila jirani alipokula, nasi tukaita hiyo hekima. Ningeweza kuirudia siku ile, ningeketi karibu naye zaidi, na ningebeba vijiko viwili.