Mguu wa Kulia kwenye Kona ya Tatu

Mdogo wangu wanamwita Kifurushi, kwa sababu miaka kumi na moja amekuwa akisambaza mizigo ya watu kwa pikipiki. Mwaka jana alikwenda kujaribu uwanja wa mbio za pikipiki akaanguka kona ya tatu, mbele ya macho yangu, maana hapo ndipo ninaposimama kila Jumamosi na bendera ya njano, kuwaonya waendeshaji. Mguu wa kulia ulivunjika mahali patatu. Daktari aliufunga vyuma, akamwambia wazi kwamba ukivunjika tena utakatwa.

Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini, na zizi likawa kwangu. Miezi saba nilimpikia, nikamfulia, nikamgombeza. Siku aliyotupa magongo, akaniambia anarudi uwanjani.

"Sikio la kufa wewe!"

"Dada, sitaki kikombe cha ushindi. Kona ile naiota kila siku. Nizunguke mara tatu tu, niipite nikiwa mzima, basi."

Nilitamani kumchapa mwiko. Lakini namjua: ningemkatalia, angekwenda kwa siri.

Kosa lake nililijua, ni la wasambazaji wote. Barabarani mzigo umekaa nyuma, kwa hiyo breki yao ni ile ya nyuma, ya kukanyaga kwa mguu wa kulia. Uwanjani hakuna mzigo. Ukipunguza mwendo, uzito wote unakimbilia mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi. Ukikanyaga, linagoma kuzunguka, linateleza. Na siku ile huyu bwana mkubwa wangu alikuwa pia ameshusha gia tatu kwa mkupuo na kuachia klachi ghafla, tairi likazidi kugoma.

Tukafanya mazoezi sebuleni. Yeye juu ya stuli, mkononi sponji la vyombo lililolowa, ndiyo breki ya mbele.

"Kamua taratibu, maji yasiruke," nilimwamuru. "Shusha gia moja. Gusa mafuta kidogo. Achia klachi polepole. Haya, gia nyingine."

Mimi nilikaa sakafuni, nimeushika ule mguu wake kwa mikono miwili, kwa sababu kila alipoifikiria kona ulikanyaga wenyewe. Mazoea yana taabu. Wiki ya kwanza ulinisukuma hadi nikagonga kabati. Wiki ya nne ulitulia, lakini bado nilikuwa nimeushika.

Jumamosi ikafika, na hapakuwa na wa kuushika.

Nilimsikia kabla sijamwona. Mlio wa injini ulishuka ngazi kwa ngazi, kila gia na mguso wake wa mafuta, bila kukoroma. Pikipiki ikainama, ikapita. Mzunguko wa pili, vilevile. Nilianza kupumua.

Wa tatu, mwendeshaji aliyekuwa mbele yake alifunga breki mapema mno, na nafasi kati yao ikaisha mara moja. Niliuona mguu wa kulia ukishtuka. Niliogopa, jamani, nisidanganye.

Halafu akafanya kituko ambacho sijawahi kukiona. Aliutoa mguu kabisa mahali pake, akauacha unaning'inia hewani, huku vidole vikiendelea kukamua breki ya mbele taratibu. Gia moja. Nyingine. Akalala kwenye kona, akainuka upande wa pili, akaenda zake. Mwalimu wa uwanja, aliyekuwa pembeni yangu, aliangua kicheko.

Baadaye Kifurushi alinijia kwa miguu, anachechemea, kofia kwapani.

"Umeniona, dada?"

"Nimeona mguu unaning'inia kama soksi kwenye kamba."

"Ulitaka kukanyaga. Nikaona bora niufukuze kabisa."

Akacheka, kisha akatazama chini. Kiatu changu cha kulia kilikuwa kimechimba kokoto hadi kwenye kifundo. Nilikuwa bado nakanyaga breki isiyokuwepo, na paja lote linatetemeka. Nilijaribu kuuinua mguu, ukakataa.

Kifurushi aliweka kofia chini. Akakaa kwenye kokoto, vyuma vyake vikimuuma, akaushika mguu wangu kwa mikono miwili hadi ulipotulia.