Waipa Nzima

Fundi hatafuti vipuri kwa macho. Macho, husema, yanahongwa na rangi. Akiingia kwenye uwanja wa magari mabovu huyafumba, akapapasa kila boneti kwa vidole vyenye grisi huku akibembeleza, "Uko wapi, kipenzi?"

Leo waipa moja ya gari lake imevunjika na wingu limetanda. Mkewe, aliyebaki garini, akamtazama akizunguka, akipapasa, akirudi taratibu, mpaka vidole vikatua kwenye kioo cha mbele cha gari alimoketi, mkabala na pua yake. Fundi akang'oa waipa, akaibusu.

"Mama watoto, nimepata! Nzima kabisa!"

Mama watoto mbavu hana. Tone la kwanza la mvua likaangukia kioo kisicho na waipa hata moja.