Siku Nane Chini ya Turubai

Ofisini walimwita Bwana Pini, naye hakukasirika. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa karani wa mipango, na kazi aliyoipenda kupita zote ni kubandika matangazo. Sheria yao ilitaka mpango wowote wa umma, uwe wa barabara au wa soko, usipitishwe mpaka ripoti ya athari zake kwa mazingira itangazwe siku thelathini kamili, wananchi waisome na kutoa maoni. Wenzake waliona huo ni usumbufu mtupu. Yeye, jamani, kioo cha ubao wa matangazo alikisugua kwa leso yake mwenyewe!

Jumatatu ile faili la stendi mpya ya mabasi lilingoja sahihi yake tu, kuthibitisha kwamba tangazo lilikaa wazi siku zote. Akashika kalamu, ndipo akakumbuka. Mafundi rangi! Walifunika ukumbi kwa turubai siku nane, ubao ukiwa ndani, na ni yeye aliyewasaidia kulifunga, kioo kisije kikachafuka.

Angetia sahihi, nani angejua? Ijumaa alikuwa anastaafu, na tangu aajiriwe hakuwahi kupewa onyo hata la mdomo. Alikaa na kalamu mpaka chai ikapoa, kisha akaenda kwa mkurugenzi, mama mwenye umri wa binti yake.

"Mama, nimeharibu. Siku nane watu hawakuona kitu. Tuanze upya."

"Mzee wangu, mbona hakuna aliyelalamika?"

"Watalalamikaje, na hawajui?"

Mkurugenzi akashusha pumzi. "Nitalazimika kukuandikia onyo."

"Niandikie tu."

Akastaafu na barua ya onyo mfukoni. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. "Mume wangu, miaka yote hiyo, ukaona uharibu wiki ya mwisho?" Kisha akamshika mkono, hakuuachia.

Siku ya ishirini na sita ya hesabu mpya, mkurugenzi alipiga simu. Muuza miche mmoja alikuwa amesoma tangazo, akaja kueleza kwamba chini ya kiwanja cha stendi ndiko yanakopita maji ya visima vya mtaa mzima. Wapimaji walikwenda, wakakuta ni kweli. Stendi inahamishwa.

"Ila ile barua, mzee, siwezi kuitoa kwenye faili lako."

"Iache, mama," akasema. "Iache hapo hapo. Watoto wa watu wanywe maji."