Ukurasa Ulioshonwa kwa Uzi Mwekundu

Kabla hujaanza kucheka, jua kwamba mimi pia ningecheka. Nina shahada ya hisabati. Kanisani nilikuwa yule msichana anayemuuliza mchungaji maswali mpaka mama yake anamkanyaga mguu. Mizimu, mapepo, watu waliorogwa, kwa yote hayo nilikuwa na jibu moja tu: nionyeshe. Basi nilionyeshwa. Saa kumi alasiri, siku ya Alhamisi, katika soko la Kianjai. Kidole cha shahada cha mkono wangu wa kulia hakijakunjika tangu siku hiyo. Haya hayakumpata rafiki wa rafiki yangu. Yalinipata mimi.

Nilipomaliza chuo kikuu nilikaa nyumbani kwetu Ruiri mwaka mzima, nikilisha ng'ombe wa baba na kutuma barua za kazi zisizojibiwa. Kisha nikajiandikisha kozi ya msingi ya mitindo ya mavazi, Meru mjini, katika chuo kidogo kilicho juu ya duka la mbegu. Baba hakunisemesha wiki mbili. Aliponisemesha alisema, "Hisabati zote hizo, halafu ukashone suruali." Kwa hivyo nilikuwa na jambo moja kichwani: nikifaulu kozi ya msingi, ninaingia diploma. Nikianguka, ninarudi kwa ng'ombe na baba ananyamaza kwa ushindi.

Wiki yetu haikubadilika. Jumatatu tulichora. Jumanne tulikata pateni za kukatia nguo, za karatasi ya kaki, na pateni zote zikatundikwa kwenye misumari ukutani, yeyote akawa huru kunakili ya mwenzake. Mwalimu wetu alisema mtindo mzuri haufichwi. Tafadhali ikumbuke misumari hiyo. Jumatano tulikaa kwenye cherehani. Alhamisi kila mmoja alikwenda kwa fundi wa soko kujifunza kazi halisi. Na Ijumaa ilikuwa siku ya kuchinjwa: kazi yako inawekwa mezani, walimu watatu wanaigeuza ndani nje, na wakiona mshono mbaya wanaupasua hapo hapo mbele yako. Nimeona mwanamume mzima mwenye ndevu akilia kwa sababu ya zipu.

Alhamisi zangu zilikuwa za Mama Kendi. Alikuwa na kibanda cha mabati nyuma ya soko la Kianjai, cherehani moja, pasi ya makaa, na mdomo ambao haukunyamaza hata ulipojaa pini.

"Wee Digrii," ndivyo alivyoniita, "hebu niambie, hesabu zako zinajua kwapa liko wapi?"

"Zinajua, Mama Kendi."

"Basi mbona blauzi ya mke wa mchungaji inamkaba kama polisi?"

Nilimpenda. Alinifundisha mengi kuliko walimu wangu wote. Na alikuwa na kitabu cha vipimo, kinene kama Biblia ya familia, kila mteja na ukurasa wake. Lakini baadhi ya kurasa zilikuwa zimekunjwa katikati na kushonwa kwa uzi mwekundu, pande zote tatu, zisifunguke. Nilimuuliza, bila shaka. Mimi ningekaaje bila kuuliza?

"Hao wameenda," alisema. "Fundi akifiwa na mteja, anaufunga ukurasa. Vipimo vya marehemu vinakatiwa nguo moja tu, ya kuzikiwa. Na nguo hiyo haipigwi fundo, mwari. Uzi unaachwa wazi mwisho, ili mtu aende zake. Ukipiga fundo umemfunga."

"Umemfunga wapi?"

"Hapo hapo kwa nguo yako."

Nilicheka. Alinitazama, akatema pini moja mkononi, akaendelea na kazi.

Sasa sikiliza kosa langu. Walimu walitupa kazi ya mwisho, ile ya kuamua nani anaingia diploma. Koti la mwanamume, la mwili wa kweli, si la sanamu ya darasani. Walitaka mwili wenye tabia yake: kibiongo, tumbo, mkono mrefu kuliko mwenzake. Mteja si lazima aje, walisema, vipimo na koti vitaongea. Wenzangu walikuwa na kaka na wapenzi. Mimi nilikuwa na binamu aliyeniahidi kuja kupimwa, kisha akazima simu. Na vijana wote wa Kianjai niliowaona Alhamisi hiyo walikuwa wamenyooka kama nguzo za stima.

Mama Kendi alipotoka kwenda kununua vifungo, nilichukua kisu chake kidogo cha kufumulia mishono nikafumua ukurasa wa kwanza nilioufikia. Niliuambia moyo wangu kwamba karatasi ni karatasi. Juu pameandikwa jina, M'Itonga, na chini yake vipimo. Bega la kulia limeshuka inchi mbili nzima kuliko la kushoto. Mkono wa kulia mrefu. Shingo nene. Unaelewa nilivyofurahi? Ulikuwa mwili ambao mwalimu angeuota. Nilinakili kila kitu, nikaushona tena ukurasa kwa uzi wake mwekundu. Nikaushona vizuri. Na mwisho nikapiga fundo, kwa mazoea.

Jumanne nilikata pateni, nikaitundika kwenye msumari. Kanana, rafiki yangu wa darasani kutoka Kianjokoma kule Embu, alisimama mbele yake muda mrefu. "Aki hili bega!" alisema. "Nani huyu? Kama ana mabega hivi, nipe namba yake." Tukacheka. Jumatano nilishona koti, sufu ya kijivu yenye bitana nyeusi. Alhamisi nililibeba hadi Kianjai kumalizia kwa mkono upindo, bitana na vifungo. Mama Kendi alikuwa na majoho ya kwaya ya kupeleka, akaniachia kibanda bila kuuliza koti ni la nani.

Mvua ilianza kama saa tisa na nusu. Ilikuwa mvua ya mawe. Kama hujawahi kukaa chini ya mabati wakati wa mawe, ni hivi: unaweza kupiga yowe na usijisikie mwenyewe. Soko lote lilikimbia kujificha. Nilipiga fundo la mwisho kwenye kifungo cha mwisho, nikakata uzi kwa meno, nikainua macho.

Mwanamume alikuwa amesimama ndani ya kibanda.

Alikuwa wa makamo, mnene wa shingo, na skafu ameifunga hadi kidevuni. Nililoliona kwanza, na usiku mwingine bado naliona, ni kwamba alikuwa mkavu. Nje maji yalikuwa yanamwagika kama yametoka kwa ndoo, na viatu vyake vilikuwa na vumbi.

"Nimekuja kujaribu koti," alisema. Mawe yalikuwa yanapiga mabati, nami nilimsikia vizuri.

"Mama Kendi ametoka, baba. Koti gani?"

Alilinyooshea kidole lile la kijivu. Nikamwambia hilo ni la shule. Tayari alikuwa anavaa. Niamini, sijawahi kuona nguo ikimkaa mtu namna ile. Bega la kulia lilishuka pale hasa liliposhuka lake. Nilitaka kufurahi, na hapo hapo mwili wangu ulielewa kabla yangu, ukarudi nyuma hatua moja. Akili ilikuwa bado inatafuta maelezo. Labda ana ndugu wa kufanana naye. Labda Mama Kendi alikosea akafunga ukurasa wa mtu aliye hai.

"Linabana," alisema. "Huku nyuma."

Nilizunguka nyuma yake. Wakati nikitazama, sufu ilipasuka. Haikupasuka kwenye mshono. Ilikatika katikati ya kitambaa, mstari mmoja ulionyooka kutoka bega hadi kwapa, kana kwamba panga limepita kutoka ndani. Kisha wa pili, mbavuni. Damu ikajaa kwenye bitana, ikaanza kudondoka.

"Hapo alianza mdogo wangu," alisema kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia. "Yule mwingine alikuja mbele." Akafungua skafu.

Sitaandika nilichoona. Nitasema tu kwamba shingo ile nene niliyoikatia kola ilikuwa imeshikwa upande mmoja tu.

Nilikimbia, akanishika kifundo cha mkono. Mfupa wangu ulilia. Nilichukua pasi kwa mkono wa kushoto, imejaa makaa, nikampiga nayo usoni kwa nguvu zangu zote. Nilisikia harufu ya nyama na sufu vikiungua. Hakupepesa macho. Nikapiga tena, makaa yakatawanyika sakafuni, yakaniunguza miguu. Aliniburura hadi kwenye cherehani, akanikalisha, akaweka mkono wangu wa kulia chini ya sindano.

"Umenifunga," alisema. "Nilikuwa nimefika mbali. Nimerudi mahali pa kukatwa. Kila fundo lako nakatwa tena."

Akakanyaga pedali.

Sindano ilipita kwenye ukucha, ikapita mfupa, ikatoka chini. Ikarudi. Ikapita tena. Nilihesabu, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhesabu hata nikichinjwa: mara saba kabla sijaelewa alichokuwa anasema. Mafundo. Yule mtu hakuja kulipiza kisasi. Alikuwa anakatwakatwa mbele yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika panga.

"Nitayatoa!" nilipiga yowe. "Baba, nitayatoa yote!"

Aliachia pedali. Niling'oa kidole kwenye sindano, na kipande cha sindano kikabaki ndani. Nilichukua kisu cha kufumulia kwa mkono wa kushoto nikaanza, koti likiwa bado mwilini mwake. Kifungo cha kwanza. Cha pili. Upindo. Kila fundo nililokata, alivuta pumzi kama mtu anayetolewa mwiba. Nilipochelewa, mstari mwingine ulipasuka mgongoni na damu ikanirukia machoni, naye akanipiga kofi la kunitoa jino. Nilikuwa nalia, nakata, naomba msamaha kwa Kimeru na Kiswahili. La mwisho lilikuwa ndani ya kola, karibu na kile kidonda. Niliingiza vidole humo. Nikalikata.

Koti lilianguka sakafuni vipande vipande. Ndani yake hapakuwa na mtu.

Mama Kendi alinikuta nimekaa kwenye damu, mvua imekatika. Alitazama vipande, akavuta mkono mmoja wa koti, ule mrefu, akaupima kwa macho. Fundi hasahau mwili aliowahi kuuvisha. Akafungua kitabu, akaona fundo langu kwenye uzi mwekundu. Akanipiga kofi, upande ule ambao M'Itonga hakuupiga.

"Ndugu zake walimkata kwa sababu ya mpaka wa shamba la miraa," alisema. "Mimi ndiye nilimvisha. Nilishona koti la kumfunika hizo alama zote, bila fundo hata moja. Alienda vizuri, Digrii. Alikuwa ameenda vizuri."

Alikata lile fundo la ukurasa. Kisha akanifunga kidole kwa kitambaa, akanipeleka zahanati, akawaambia ni ajali ya cherehani. Kesho yake alidamka alfajiri kwenda kuzika vipande vya koti kando ya kaburi la M'Itonga.

Najua unachofikiria, kwa sababu nimekifikiria kabla yako. Msichana amechoka, amejishona kidole, maumivu yamempa ndoto. Ni maelezo mazuri. Ningeyachukua, kama nisingekuwa na alama za vidole vinne kwenye kifundo cha mkono, zilizokataa kuondoka, na ya kidole cha tano haipo. M'Itonga alizikwa bila kidole gumba cha kulia. Hilo nililijua baadaye kutoka kwa Mama Kendi. Halikuwa limeandikwa kitabuni.

Ijumaa nilikwenda chuoni bila koti, nikaanguka. Baba hakusema neno, na nilivumilia hata hilo. Lakini siku hiyo nilikwenda chuoni kwa sababu nyingine. Nilitaka kuichoma pateni. Nilipofika ukutani, msumari wangu ulikuwa mtupu.

"Nilibeba Jumatano," Kanana alisema, akishangaa uso wangu uliovimba. "Si tuliambiwa ni ya wote? Nilimpelekea dada yangu kule Kianjokoma. Alikesha akashona makoti matatu, na jana yamekwisha yote sokoni. Kwani kuna nini? Watu wanapenda hilo bega!"

Nilimuuliza kama dada yake hupiga fundo mwishoni mwa uzi.

"Heh! Kwani unamwona si fundi?"

Tangu hapo nimekwenda Kianjokoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuwaeleza nyumbani. Nimepata koti moja, la mwalimu mstaafu aliyelalamika kwamba linamkata mgongoni. Nililifumua mbele yake, akaniona kichaa, na nilisikia ile pumzi. Yamebaki mawili. Mvua ikipiga mabati, kidole changu hudunda, nami najua kuna mahali mtu anakatwa tena kwa kosa langu.

Kwa hivyo kama ulinunua koti katika soko lolote la Embu, na bega lake la kulia limeshuka inchi mbili ilhali lako halijashuka, usilivae. Usimpe mtu mwingine, na usilichome, kwa maana sijui moto unafanya nini kwa mafundo. Keti mchana, milango ikiwa wazi, chukua kitu chenye ncha, utafute kila mwisho wa uzi. Anza na vifungo. Kola iwe ya mwisho. Na ukihisi mtu amesimama nyuma yako, usiinue kichwa. Endelea kukata.