Supu ya Mama na Bakteria wa Kisugulu

Nilikuwa nimekwisha kurudia mwaka mara moja, na kanuni ya kampasi ilijulikana na wote: anayeanguka tena anafunga virago. Kwa hiyo mwaka ule wa mwisho, zama za Zaire na abakosti, suti ile ya serikali isiyo na tai, maisha yangu yote yalikuwa ndani ya visahani vya kioo. Mbele ya jopo la watahini nilipaswa kuonyesha kwamba bakteria niliowatoa udongoni wanaweza kuzuia ukungu. Kuonyesha, si kusimulia. Profesa wangu hakuwa mtu wa kuamini maneno, na sikumpenda kwa hilo, ingawa alikuwa na haki.

Udongo wenyewe ulitoka nyumbani kwetu, Ruashi, pembeni ya Lubumbashi. Siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi, mtaa wetu ulipangiwa kubomoa kisugulu, kichuguu cha mchwa kikubwa kama nyumba kilichoziba njia. Wanawake waligombania udongo wake kwa ajili ya matuta yao ya mboga, maana mimea huota vizuri sana juu yake. Wao walijaza matoroli, mimi nilijaza kikopo cha maziwa tu. Mama alinicheka mbele ya majirani wote.

"Benzako banajaza brueti, we paka kikopo! Utalima nini mule ndani?"

Maabara yetu ilikuwa imeishiwa vyakula vya bakteria tulivyozoea kuletewa kutoka Ulaya. Nikapika uji mwepesi wa unga wa mahindi, nikauchanganya na jeli, nikanyunyizia udongo wa kisugulu juu yake. Baada ya siku kadhaa kikaota kitu cheupe, kikavu kama chaki. Nikafungua kisahani, nikanusa. Ilikuwa harufu ya mvua ya kwanza, ile tunayoisubiri Lubumbashi nzima kiangazi kinapokwisha na vumbi jekundu limetuchosha. Maisha yangu yote nilidhani mvua ndiyo inayonukia vile. Kumbe ni hawa bakteria! Nilishika kile kisahani puani kama mlevi na chupa yake, na sikuona haya.

Halafu nikapanda pembeni yao ukungu niliouokota kwenye mahindi yaliyooza. Ukungu ule ulikuwa na tamaa. Ulitambaa, ukajaza kisahani, na ulipowakaribia wale weupe, ukasimama. Katikati ukabaki ukanda safi ambamo hakukuota chochote. Hakuna ukuta pale, hakuna kitu cha kuonekana kwa macho, na bado ukungu ule mlafi haukuthubutu kuvuka. Nilipiga kelele hadi watu wa chumba cha jirani wakaja kuuliza nani kafa.

Siku ya jopo ilipokaribia, mama aliniuliza hao "batoto" wangu wanakula nini. Nikamwambia ni uji wa mahindi, tena mwepesi. Alishtuka kweli kweli. Kwetu mgeni akija humwekei bukari, yaani ugali, na matembele matupu. Ukifanya hivyo mtaa mzima utakusema mpaka uhame. Na hapa si mgeni mmoja, ni jopo zima la wasomi.

"Profesere anakuja kubaangalia, na unabapa paka bunga? Bataonekana kama batoto ya njala. Utatuletea haya!"

Akachemsha mifupa ya ng'ombe tangu asubuhi, akachuja supu kwa kitambaa safi, akaimimina kwenye thermosi. Mimi nami ni mtoto wa mji huo huo. Niliona ni wazo zuri kabisa, nikaibeba kwenye basi nikiwa nimeikumbatia.

Bakteria wangu waliifurahia supu. Walinenepa, wakang'aa, wakajaa kila pembe waliyopandwa. Lakini ule unga mweupe haukutokea, wala harufu ya mvua. Nilipoweka ukungu, ulikuja mpaka kwao, ukawapanda mgongoni, ukawafunika wote. Nikarudia na supu nzito zaidi, mambo yakawa mabaya zaidi. Nilianza kuogopa vibaya. Nilijiona narudi Ruashi na sanduku langu, majirani wakichungulia.

Asistanti wa maabara, kijana mpole mwenye miwani, alitazama visahani vyangu, akaniita raia wa kike kwa Kifaransa, kama ilivyoamriwa zama zile.

"Sitwayeni, unabalisha nini?"

"Supu ya nyama."

"Na ya kwanza, mbele ya ile?"

"Bunga."

Alicheka mpaka akavua miwani aifute. Halafu akasema tuweke visahani vitatu pamoja: cha supu nzito, cha supu iliyozimuliwa kwa maji, na cha uji wa zamani. Kwenye uji, ukanda safi ulirudi. Kwenye supu iliyozimuliwa ulichelewa, ukaja chakula kilipokaribia kwisha. Kwenye supu nzito, ukungu ulikuwa unafanya karamu.

Basi walikuwa na sumu yao muda wote, ila hawakuitengeneza wakiwa wameshiba! Wanaitengeneza chakula kinapopungua, na baadaye nikasoma kwamba huarifiana wenyewe kwa wenyewe wanapokuwa wengi mahali pamoja. Tena sumu hiyo inashika aina ya mafuta iliyo kwenye ngozi ya ukungu, mafuta ambayo wao hawana, kwa hiyo haiwadhuru. Viumbe wasio na jicho wala ubongo wanapima akiba yao vizuri kuliko nyumba nyingi ninazozijua. Nilijaa furaha na kitu kingine ambacho kanisani wangekiita uchaji.

Siku ya jopo nilionyesha visahani vyote vitatu, pamoja na kile cha aibu. Profesa alivipitisha kwa wenzake, akavirudia, akanusa. Walipotoka kuamua na kurudi, alisema nimefaulu, na akatabasamu kwa mara ya kwanza nikimwona. Mama alikuwa nyuma na kitenge chake kipya. Kifaransa chote kilikuwa kimempita, lakini neno lile alilielewa, akapiga vigelegele.

Watu walipoondoka alisogea mezani, akainamia kile kisahani cha uji.

"Banakula nini sasa?"

"Chakula ilishaka kuisha, mama."

"Na batoto yabo?"

Nikamweleza kwamba bakteria hawa huota kama nyuzi. Nyuzi zile kuukuu hujivunja zenyewe, na wachanga hula mabaki yake ili wajiandae kusafiri kwa upepo. Ukungu nao unayataka mabaki hayo, ndiyo maana kabla ya kufa nyuzi zile humwaga sumu kuzunguka pote.

Mama aliweka mkono mdomoni. "Banakula mama yabo?"

"Njo vile, mama."

"Na yee, ule mama, anayua?"

Nikacheka. Nikamwambia hajui kitu, hana kichwa wala moyo, ni uzi tu.

Mama hakucheka. Aliendelea kuutazama ule ukanda safi.

"Kama hayue, anamwanga ile sumu juu ya nini?"

Nimefundisha miaka mingi tangu siku ile, na ile "kwa nini" yake bado inanifuata. Lingekuwa swali la jopo, ningeanguka.