Mke wa Mjomba Asiyezaliwa

Mwaka huu nilirudi Ringwani, kijijini kwa bibi, na kabla sijaliona paa la bibi nilisikia mwiko ukigonga sufuria. Alikuwa jirani tu, anayelima shamba letu siku hizi, akisonga ugali. Lakini nilisimama njiani, rafiki yangu, nikajikuta nasubiri mjomba aitwe kula.

Mjomba hakuwahi kuzaliwa. Bibi alijaliwa mabinti watupu, na kwetu nyumba isiyo na mtoto wa kiume ilihesabiwa imezimika; shamba lingechukuliwa na shemeji zake. Basi akatoa ng'ombe, kama desturi ya Wakurya ilivyoruhusu, akamposea mke mwanawe huyo asiyekuwepo. Akaletwa msichana mwembamba, mpole. Watoto atakaowazaa wangekuwa wa mjomba, hata baba yao angekuwa nani.

Mjomba alikuwa na chumba, kitanda na blanketi. Kila jioni bibi aligonga mwiko, akamwekea ugali wa ulezi na maziwa ya mgando mbele ya kigoda kitupu. Sisi wajukuu tulikula kwa kunong'ona. Kuna mchana nilisikia kitanda chake kikilia, na wote tulikuwa uani.

Kisimani jirani mmoja alipenda kumtania mke wa mjomba. "Una bahati wewe. Mumeo halewi, hapigi."

"Tubadilishane, basi," alijibu bila kucheka.

Kisha akaja afisa maendeleo, mwanamke kijana kwenye pikipiki. Alisema mwanamke anaweza kumiliki shamba kwa jina lake, na kwamba mjini Mugumu kulikuwa na mafunzo ya ushonaji. Wazee waliguna. Mke wa mjomba, ambaye wakati huo alikuwa amezaa mtoto mmoja, aliuliza jambo moja tu: mama akiondoka, mtoto ni wa nani?

"Ng'ombe wa mahari hawamtenganishi mtoto na mama yake," afisa alimjibu.

Jioni ile alikalia kigoda cha mjomba, akala chakula chake chote.

"Mkamwana," bibi alisema, "hicho ni cha mumeo."

"Najua, mama. Nimemwomba ruhusa niende Mugumu na mtoto. Hajakataa."

Bibi angesema hakuna wa kukataa, angemuua mwanawe kwa kinywa chake mwenyewe.

"Nitamuuliza," alisema.

Alfajiri aliingia chumbani. Tulimsikia akinong'ona, akinyamaza, akinong'ona tena, kama mtu anayejibiwa. Alipotoka, mke wa mjomba alirudi nyuma, mtoto mgongoni.

"Amesema mtoto abaki?"

Bibi alikuwa ameshika lile blanketi. Akamfunika nalo mtoto. "Amesema umfunike. Njiani kuna baridi."

Chumba kile sasa ni stoo ya mahindi, na wasichana wa pale hucheka humo bila kumwogopa mtu. Sitaki mambo yale yarudi. Lakini namkumbuka bibi asubuhi ile, mkwewe alipovuka kizingiti. Hakufunga mlango mara moja. Alisogea pembeni, kama anayempisha mtu mwingine atoke, akangoja kidogo, ndipo akaufunga.